Sauti Nne Bila Kinanda

Somo la kuimba limebadilishwa jina mara kadhaa tangu nilipoanza kazi ya ualimu. Zamani liliitwa Muziki. Mtaala wa mwaka 2005 ukaliingiza katika Haiba na Michezo. Mtaala wa mwaka 2023 umeliweka ndani ya Sanaa na Michezo. Jina liwe lolote, yanayotendeka darasani ni yale yale. Mwalimu huimba mstari, wanafunzi humfuatisha, na darasa zima huimba kwa sauti moja, kila mtoto akijitahidi kumshinda jirani yake kwa kelele, mpaka kengele inapogongwa. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa chuoni, sikupata kufanya kazi katika shule hata moja iliyokuwa na kinanda. Wanachuo ninaowakagua siku hizi wakati wa mazoezi ya kufundisha hunipa jibu hilo hilo ninapowauliza kwa nini hawafundishi sauti nne: "Mwalimu, hatuna vifaa."

Jibu hilo silikubali, na sababu za kutolikubali ndizo nitakazozieleza hapa. Huenda msomaji akasema kwamba uimbaji wa sauti nne una mahali pake, nako ni kanisani. Ni kweli kwamba kwaya za Murgwanza kwa upande wa Waanglikana, na za Rulenge kwa upande wa Wakatoliki, zimewapa watu wengi wa Ngara ujuzi wa solfa ambao shule hazikuwapa. Hata mimi solfa niliijulia kanisani, nikiwa mtoto wa kubeba vitabu vya wakubwa. Lakini kwaya huchagua waimbaji wake, shule haichagui. Mwalimu wa darasa la sita hukabidhiwa watoto sitini au themanini, wenye masikio mazuri na wasio nayo, Wakristo na Waislamu, Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wazinza, na Wasukuma waliohamia pamoja na ng'ombe wao. Wote hao ni wake, na wote wana haki ya kufundishwa kusikilizana.

Zana niliyokuwa nikiitafuta ilinifikia kwa njia ambayo sikuitazamia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote ulio karibu nasi. Mambo ya kambi ile yalikuwa mazito, nami sitayaingilia katika makala ya mbinu za kufundisha. Nitataja mawili tu. La kwanza ni kwamba watu wale walifika mikono mitupu, bila ngoma wala zeze, na bado jioni ungeweza kusikia, kutoka mabanda ya maturubai, nyimbo za ibada zikiimbwa kwa sauti tatu au nne, kila moja mahali pake. La pili ni kaseti. Dereva wa shirika moja la misaada, alipomaliza mkataba wake mwaka 1995, aliniachia kaseti ya kundi la Wamarekani waitwao The Beach Boys, kwa kuwa alijua napenda kwaya. Sikuwa na haja na nyimbo zao za mawimbi na magari. Wimbo mmoja ndio uliokamata sikio langu, kwa sababu ndani yake sauti ya besi ilikuwa ikifanya kazi ya ngoma.

Wimbo ule ni "Come Go with Me". Kundi hilo liliutoa mwaka 1978 likiwa tayari limeimba kwa miaka 17, lakini haukuwa wake. Uliimbwa kwanza mwaka 1957 na The Del-Vikings, vijana waliokutana katika jeshi la anga la Marekani huko Pittsburgh, Weusi na Weupe pamoja, jambo ambalo kwa nchi ile na kwa miaka ile halikuwa la kawaida. Mtunzi wake, Clarence Quick, alikuwa mwimbaji wa besi. Mwalimu na aliweke jambo hilo akilini, kwani nitalirudia.

Muziki wa aina hiyo huitwa duwopu, jina lililotokana na silabi zisizo na maana ambazo waimbaji wake walizitamka. Ulistawi katika miji ya Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijana wake, wengi wao Weusi wa mitaa ya maskini, hawakuwa na fedha za kununua vyombo. Walisimama kwenye pembe za mitaa, katika ngazi za majengo na katika vituo vya treni, mahali ambapo kuta huirudisha sauti, wakagawana kazi: mmoja chini kabisa akawa ngoma na gitaa zito, wawili au watatu katikati wakashikilia silabi zao kama kinanda, na mmoja juu akasimulia habari ya wimbo. Walitanguliwa na wengine. Katika miaka ya 1930 ndugu wanne walioitwa The Mills Brothers waliiga tarumbeta kwa midomo yao, wakisindikizwa na gitaa moja tu, kwa ufundi ambao ulilazimu santuri zao ziandikwe kwamba hakuna chombo kingine kilichotumika, wasikilizaji wasije wakadhani wanadanganywa.

Basi tazama, ewe mwalimu wa Nyakahura au wa Kabanga uliyeniambia kwamba huna vifaa. Muziki huu ulitungwa na watu wasio na vifaa, kwa ajili ya watu wasio na vifaa.

Manufaa yake makubwa kwa mwalimu ni kwamba mpango wake wa sauti ni mfupi na hurudia. Nyimbo nyingi za duwopu huzunguka juu ya hatua nne za besi: do, la, fa, so, kisha do tena. Mimi huliita gurudumu. Besi akianza na do ya juu kidogo, hushuka hadi la, hushuka tena hadi fa, hupanda hatua moja hadi so, na kutoka hapo hurudi nyumbani. Juu yake sauti ya tatu huimba do, do, do, ti. Sauti ya pili huimba mi, mi, fa, fa. Sauti ya kwanza huimba so, la, la, so. Msomaji ajaribu kuzipanga sauti hizo kwenye ubao, moja juu ya nyingine, ataona kwamba hakuna sauti kati ya hizo tatu za juu inayoruka zaidi ya hatua moja. Sauti ya tatu karibu haina kazi. Mtoto hushikilia do mara tatu, akashuka kwa ti, akarudi. Hata mtoto ambaye mwalimu wake wa darasa la kwanza alimwambia anyamaze wenzake waimbe ataweza kuifanya kazi hiyo, mradi amesimama karibu na mwenzake mwenye sikio.

Huchukua vipindi vinne au vitano. Siku ya kwanza nafundisha besi peke yake, darasa zima, wasichana kwa wavulana, huku tukitembea uwanjani hatua moja kwa kila noti. Siku ya pili naongeza sauti ya tatu. Sauti ya pili na ya kwanza huja baadaye, wala sizileti pamoja siku moja. Maneno siyaweki kabisa mpaka gurudumu limezunguka bila mimi kulisukuma. Kosa ninaloliona kwa wanachuo wengi ni kuharakia maneno, kwa kuwa maneno ndiyo yanayofanana na somo. Mkaguzi akipita dirishani akasikia maneno, huona kuna kazi inafanyika, bali akisikia "bum" na "du" huuliza darasa hili lina mwalimu gani.

Ni vizuri pia kujua kwamba hao waimbaji wa kaseti hawakujifunza kwa njia nyingine. Kundi la The Beach Boys lilianzishwa mwaka 1961 huko California na ndugu watatu, Brian, Dennis na Carl Wilson, pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Brian, ambaye sikio lake moja lilikuwa karibu kiziwi, alikuwa akisikiliza santuri za kundi jingine la sauti nne, The Four Freshmen, akiinyofoa kila sauti peke yake mpaka aijue, halafu akawafundisha ndugu zake nyumbani, huyu yake na yule yake. Alifariki mwaka 2025, na magazeti yalimwita fundi wa studio. Kwangu mimi alikuwa kwanza mwalimu wa darasa la watu watatu, mwenye mbinu ambayo ningeweza kuiandika katika andalio la somo bila kubadili neno. Wimbo wa mwaka 1957 ulitoka wakati wao wangali wavulana wa shule. Walipouimba wenyewe miaka 21 baadaye, Al Jardine akiongoza, hawakuugeuza sana. Waliuimba kama watu wanaoijua njia na hawana haja ya kukimbia.

Hapa yanipasa nieleze habari ya wavulana wakubwa, ambayo ndiyo iliyonifanya nilishike jambo hili kwa mikono miwili.

Mwimbaji aliyejulikana zaidi kati ya watoto wa duwopu ni Frankie Lymon. Wimbo wake "Why Do Fools Fall in Love" ulitoka mwaka 1956, naye akiwa na umri wa miaka 13, mwanafunzi wa New York anayeimba na wenzake wa mtaani, Weusi na wenye asili ya Puerto Rico. Sauti yake ilikuwa ya juu na safi, na kwa muda mfupi alijulikana Marekani na Uingereza. Kisha akabaleghe. Sauti ile ikaondoka, na pamoja nayo wakaondoka wengi waliokuwa wakimshangilia. Alifariki mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 25, kwa dawa za kulevya. The Beach Boys waliuimba wimbo huo mwaka 1964, wakati mwenyewe yu hai na hakuna anayemuuliza habari.

Mambo ya New York yako mbali, lakini mvulana ambaye sauti yake imevunjika yupo katika kila darasa la saba la Biharamulo. Watoto wetu wengi huanza shule wamechelewa, na wengine hurudia darasa, hivyo si ajabu kumkuta kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita amekaa dawati moja na mtoto wa kumi na miwili. Kijana huyo akifungua kinywa katika wimbo wa sauti moja, wenzake hucheka. Hawezi kufika juu, na chini hakuna aliyemwekea mahali. Mwalimu, akitaka amani, humwambia asimame nyuma na achezeshe midomo tu. Kuanzia hapo kuna hatua chache tu kufika kwenye machimbo ya dhahabu, au kwenye mitumbwi ya Ziwa Viktoria, au nyuma ya ng'ombe wa mtu.

Nilikuwa na kijana wa namna hiyo katika shule moja ya kando ya barabara iendayo Nyakanazi. Sitamtaja jina. Alikuwa mtoro sugu, na jina lake lilikwisha kusomwa katika kikao cha walimu miongoni mwa wale ambao tungeacha kuwahesabu. Siku niliyofundisha gurudumu kwa mara ya kwanza alikuwapo kwa bahati, kwa kuwa mvua ilikuwa imewazuia wenzake wa machimboni. Darasa lilipofika kwenye fa ya chini, sauti za watoto zilikauka zote, moja baada ya nyingine, kama kijito cha kiangazi. Moja ilibaki. Watoto waligeuka kumtazama, na safari hii hawakucheka, maana bila yeye wimbo ulikuwa hauna sakafu, na kila mmoja alilisikia hilo kwa masikio yake. Sikuhitaji kumsifu. Nilimwambia tu, "Wewe ndiye utakayetuanzishia kesho," nikaendelea na somo.

Kesho yake alikuja. Nilimweleza habari za Clarence Quick, mwimbaji wa besi aliyetunga wimbo ambao watu waliokuwa mashuhuri kuliko yeye walikuja kuuimba. Akataka kujua kama alilipwa. Katika daftari la mahudhurio la muhula ule alama zake za utoro zilikoma, isipokuwa siku za mnada. Alifanya mtihani wa darasa la saba. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, wala sitadai kwamba besi ilimwokoa na lolote. Nasema tu kwamba kwa miezi saba kulikuwa na kiti shuleni ambacho hakuna mwingine aliyeweza kukikalia, naye alikuwa akijua.

Sasa niingie katika nyimbo za Kiswahili, kwa sababu sipendi mwanachuo aondoke akidhani kwamba namtuma kufundisha Kiingereza cha mitaani. Mfano wetu wa karibu wa waimbaji wakongwe wanaouchukua wimbo wa enzi iliyopita ni kundi la Them Mushrooms la Kenya, ambalo baadaye liliitwa pia Uyoga. Lilianza Mombasa mwaka 1972, na kiini chake kilikuwa ndugu wa familia moja, akina Harrison, kama vile kule California kiini kilivyokuwa akina Wilson. Dunia inalijua kwa "Jambo Bwana", wimbo wa Teddy Kalanda Harrison wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao kundi la Boney M. nalo liliuimba mwaka 1983. Kwangu mimi kazi yao ya maana zaidi ni nyingine. Katika miaka ya 1990, walipokuwa wamekwisha kuhamia Nairobi, walimwendea mzee Fundi Konde, wakamrudisha mbele ya kipaza sauti, na nyimbo zake zikasikika upya, ukiwamo "Tausi".

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika pwani ya Kenya, Mgiriama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi, akafika hadi Burma, na baada ya vita akawa mmoja wa wanamuziki wa kwanza waliorekodi nyimbo za gitaa kwa Kiswahili. Enzi zake ni zile zile za duwopu, nami huwaambia wanafunzi waziweke pamoja katika ramani ya kichwa: wakati vijana wa Pittsburgh wanaimba kwenye ngazi, Waswahili wa Nairobi na Mombasa nao walikuwa wakiimba kwa sauti mbili zilizoshikana, sauti ya pili ikifuata ya kwanza kama kivuli. Alifariki mwaka 2000, akiwa amepata kuwasikia watoto wa watoto wa wasikilizaji wake wakiziimba nyimbo zake.

Darasani natumia simu na spika ndogo. Nawapigia rekodi ya zamani, kisha mpya, kisha ya zamani tena, na swali langu ni moja: kipi kimebaki? Nimejifunza kutouliza kwanza kipi kimebadilika, kwa kuwa hilo kila mtoto hulijibu mara moja, vyombo vimekuwa vingi, na fikira zake zikaishia hapo. Swali la kilichobaki huwalazimu kusikiliza. Mkuu mmoja wa shule, mtu mwema lakini mwenye hadhari, aliniuliza tausi anayeimbwa ni ndege wa namna gani hasa. Nilimjibu kwamba ni ndege wa mashairi. Akatabasamu, akaniruhusu kuendelea.

Baada ya hapo wanafunzi hutumwa nyumbani kutafuta wimbo wa zamani. Katika shule moja ya Ngara, upande wa mabonde yanayotelemka kuelekea mto Ruvubu, wasichana wawili walileta wimbo wa kulima wa Kihangaza waliofundishwa na bibi wa mmoja wao. Tulijaribu kuuweka juu ya gurudumu, ukakataa. Wimbo ule ulitulia mahali pake, haukutaka kwenda la wala fa, na kila tulipoulazimisha ulipoteza ladha. Namshauri kila mwalimu auheshimu ukaidi wa namna hiyo. Tuliliacha gurudumu, tukachukua mgawanyo wa kazi tu: besi mmoja akirudia noti mbili kama jembe linapopanda na kushuka, kundi la katikati likishikilia kiitikio kwa silabi, na kiongozi mmoja juu. Hapo wimbo ukakubali.

Tulimwalika bibi yule aje asikilize. Alikaa kwenye benchi chini ya mkaratusi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kihangaza maneno ambayo mjukuu wake aliyatafsiri hivi: "Wimbo wangu mmeuvalisha viatu." Mpaka leo sina hakika kama alikuwa akisifu au akilaumu. Halafu akauliza, "Mkiuimba mbele ya watu, mtasema mmeupata wapi?"

Swali hilo lilinipa kipindi ambacho hakikuwamo katika azimio la kazi. Niliwasimulia wanafunzi habari za Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi wimbo "Mbube" mwaka 1939 huko Johannesburg pamoja na kundi lake, The Original Evening Birds. Santuri ilisafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la The Weavers liliuimba Marekani, na kwa kuwa hawakulielewa neno la Kizulu waliandika walivyosikia, "Wimoweh". Mwaka 1961 vijana wa duwopu wa New York, The Tokens, waliuvalisha maneno ya Kiingereza, wakauita "The Lion Sleeps Tonight", na ukafika nambari ya kwanza kwa mauzo nchini Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata, 1962, akiwa maskini. Iliwachukua binti zake mpaka mwaka 2006 kupata mapatano ya kulipwa sehemu ya haki ya baba yao. Wimbo ule ulitoka Afrika, ukaenda kuwa duwopu, na ukaturudia redioni kana kwamba ni mgeni.

Wanafunzi walilijadili jambo hilo kwa ukali ambao sikuwahi kuuona katika somo la Uraia. Mmoja alisema wimbo ni kama maji ya kisima, hauna mwenyewe. Mwingine akamjibu kwamba kisima nacho kina aliyekichimba. Mwisho waliamua wenyewe kwamba siku ya wazazi, kabla ya kuimba, msichana mmoja atasimama aseme wimbo huu tumefundishwa na nani, wa ukoo gani, katika kijiji gani, na kwamba kazi ya sauti imefanywa na darasa la sita. Bibi alikaa mstari wa mbele. Tangu siku ile katika mazoezi yote ninayoyasimamia nadai kwamba kabla ya wimbo wowote ulioletwa kutoka nyumbani, jina la aliyeutoa litajwe kwa sauti na liandikwe ubaoni. Wanachuo wengine huona ni urasmi mtupu. Nawaachia waone hivyo, mradi walifanye.

Yapo malalamiko. Wazazi wengine huogopa muziki wa dunia, hasa wakisikia neno Marekani. Hao huwaalika waje kusikiliza kipindi cha besi peke yake, na hadi sasa hakuna aliyeona dhambi katika do, la, fa, so. Muda ni tatizo kubwa zaidi. Muhula wa pili ukifika, kila kipindi kisichoulizwa katika mtihani hugeuzwa kuwa hesabu, na mwalimu wa kuimba hubaki na dakika za mstarini asubuhi. Dakika hizo si haba. Gurudumu moja, likiimbwa polepole, halifiki nusu dakika. Mstari wa asubuhi unaweza kulizungusha mara sita wakati viongozi wa zamu wanakagua kucha.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Asiye na filimbi ya kupatia sauti aanze na sauti ya kuongea ya kijana wake mzito kuliko wote. Mwombe aseme jina la shule kwa utulivu, bila kuimba. Sauti ile anayoishia nayo ifanye kuwa fa ya chini. Kutoka hapo panda hatua nne uipate do, na usiipandishe zaidi hata wasichana wakilalamika kwamba wimbo ni wa chini mno, kwani ukiipandisha wao watafurahi na fa ya kijana itapoteza uzito wake. Kama vijana wazito ni wawili, wasimamishe mbali kidogo, mmoja kila upande wa darasa, ili kila mtoto awe na besi ya kuegemea. Kama hayupo hata mmoja, ngoja mpaka siku ya mvua.